Kufundisha Watoto wa Shule ya Msingi Kutazama na Kutambua Mawingu Nje ya Darasa: Mwongozo Kamili

Mtoto anaweza kulitamka neno "kumulasi" vizuri, akalichora na kulipaka rangi kwenye daftari, kisha akatoka nje na kuliita jina hilo kila wingu jeupe analoliona. Jina amelipata, wingu hajalipata. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia upande wa pili: kwanza jicho, kisha mkono, jina lije mwisho. Mtoto aliyezoea kusema anachokiona hujifunza majina kumi ya mawingu kwa wepesi. Aliyeanza na majina huishia kubahatisha.

Usifanye somo hili kwa siku moja. Ukitoka na watoto mara moja kwa saa mbili, utaona aina moja au mbili za mawingu, basi. Dakika kumi kila siku ya shule kwa wiki mbili zinafaa zaidi, kwa sababu anga hubadilika na watoto hupata cha kulinganisha. Ukiweza, tenga siku mbili za kutoka mara mbili, asubuhi na alasiri. Hapo ndipo wataona kwa macho yao madonge madogo ya saa nne yakiwa yamefura na kuwa milima saa tisa.

Usalama kabla ya yote

Jua ndilo hatari kubwa ya somo hili, na ni hatari isiyouma. Utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga hauna neva za maumivu, kwa hiyo mtoto anaweza kuungua jicho asihisi kitu mpaka baadaye. Kumwambia "usitazame jua" hakutoshi, maana mawingu mazuri mara nyingi yako karibu nalo. Wasimamishe watoto ndani ya kivuli cha jengo, jua likiwa nyuma ya ukuta au paa, wakitazama upande ulio mbali na jua. Miwani ya giza haimpi mtu ruhusa ya kutazama jua, wala wingu jembamba linalolifunika.

La pili ni radi. Mkisikia ngurumo hata moja, na hata kama iko mbali, somo la nje limekwisha. Ingieni ndani ya jengo imara, si chini ya mti, na msubiri dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho kabla ya kutoka tena. Mkiwa ndani salama, watoto wahesabu sekunde kati ya mmweko na mlio. Kila sekunde tatu ni takriban kilomita moja, kwa sababu sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde.

Vifaa

Si vingi. Gawa darasa katika makundi ya watoto wanne au watano. Kila kundi lipate karatasi ya kumbukumbu iliyobanwa kwenye kadibodi ngumu, penseli iliyofungwa kamba (isiyofungwa hupotea), na dira moja kama ipo. Kila mtoto apate karatasi ya buluu au ya rangi nyeusinyeusi na kipande cha chaki nyeupe. Ongeza fremu ya kadibodi: chukua kipande cha ukubwa wa karatasi ya kawaida ya kuandikia, kata katikati tundu la sentimita 15 kwa 10. Mtoto akiishika kwa mkono ulionyooka, anaona kipande kimoja tu cha anga. Bila fremu, watoto wadogo hutazama kila kitu na hawaoni kitu.

Chaki kwenye karatasi ya buluu si pambo. Penseli kwenye karatasi nyeupe humlazimisha mtoto kuchora mstari wa kuzunguka wingu, na matokeo yake ni yale mawingu ya katuni yenye mabonde sawasawa pembeni. Kwa chaki anaanza na weupe wenyewe, kisha anausugua kwa kidole pale ukingo unapofifia, na kuuacha mkali pale ukingo ulipo mkali. Pamba iliyogundishwa kwenye bango ni ya kuepukwa kabisa. Inapendeza ukutani, lakini inamthibitishia mtoto lile kosa tutakalohangaika kuliondoa, kwamba wingu ni kitu laini unachoweza kukikumbatia.

Siku ya kwanza: kusema bila kutaja majina

Chagua mahali ambapo angalau nusu ya anga inaonekana. Waambie watoto wakae kimya dakika moja nzima, wakitazama tu kupitia fremu. Kisha kila mmoja aseme sentensi moja inayoanza na "Naona...". Kataza "nafikiri" na "ni kama" kwa raundi ya kwanza, ziruhusu raundi ya pili. Mafananisho yana kazi yake, ila usiishie hapo. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Mwalimu, lile ni kama sungura."
"Haya, masikio yako wapi? Nionyeshe kwa kidole."
"Pale juu. Lakini moja linayeyuka."
"Linayeyukia upande gani?"
"Linapotelea pembeni, Mwalimu. Chini lakini limenyooka kama limekatwa."

Hapo mtoto ameshaona mambo mawili makubwa: kwamba kingo za wingu hukauka na kupotea, na kwamba tumbo la wingu la aina hii ni bapa. Tumbo ni bapa kwa sababu hewa inayopanda hupoa, na katika kimo fulani mvuke wake huanza kugeuka matone. Chini ya kimo hicho mvuke upo lakini hauonekani. Usilifafanue yote siku hiyo. Liandike ubaoni kama swali la darasa: "Kwa nini chini limenyooka?" Litajibiwa siku ya jaribio la chupa.

Baada ya raundi hizo, waache wachore wingu moja tu kwa dakika tano. Mtoto akilalamika kwamba wingu lake limeondoka kabla hajamaliza, mwambie aandike saa aliyoanza na saa lilipobadilika. Malalamiko hayo tayari ni takwimu.

Siku ya pili: familia tatu

Sasa wape mgawanyo wa kwanza, na kwa madarasa ya chini huu unatosha kwa mwaka mzima. Mawingu yana maumbo matatu makuu: ya madonge, ya shuka, na ya nyuzi. Donge lina mwanzo na mwisho, unaweza kulizungushia kidole. Shuka limetanda, hujui linapoanzia. Nyuzi zimechanwachanwa kama nywele zilizopitishwa kitana.

Kisha ndipo ulete majina. Luke Howard, mtengenezaji wa dawa wa London, alitoa mhadhara mwaka 1802 akapendekeza majina ya Kilatini ambayo ulimwengu unayatumia mpaka leo, naye alianzia kwenye maumbo hayo hayo matatu. Kumulasi ni lundo, stratasi ni tabaka lililotandazwa, sirasi ni kishungi cha nywele. Aliongeza nimbasi kwa wingu lenye mvua. Watoto wakishika maneno hayo manne, majina marefu yanayofuata wanayafumbua wenyewe: stratokumulasi ni tabaka lililofanywa kwa madonge, kumulonimbasi ni lundo lenye mvua.

Tahadhari moja ya maneno. "Alto" asili yake ni neno la "juu", lakini katika majina ya mawingu inaashiria tabaka la kati. Watoto wenye akili hukwama hapa kuliko wengine wote. Waambie mapema.

Siku ya tatu na ya nne: mkono kuwa kipimo

Kimo cha wingu hakipimiki kwa jicho, na hata watu wazima hukosea kwa kilomita kadhaa. Kwa hiyo usimuulize mtoto "liko juu kiasi gani?" Muulize: "Donge moja linafunikwa na vidole vingapi?"

Anyooshe mkono kabisa, kiwiko kisikunjwe, afumbe jicho moja, apime donge moja lililo juu vya kutosha angani. Umuhimu wa "juu vya kutosha" utauona punde. Donge likifichwa na upana wa kidole kidogo peke yake, ni dogo kuliko digrii moja: sirokumulasi, wingu la juu sana. Likizidi kidole kidogo lakini likafichwa na vidole vitatu vilivyobanwa pamoja, liko kati ya digrii moja na tano: altokumulasi, wingu la kati. Likizidi vidole vitatu, ni stratokumulasi, wingu la chini. Swali ambalo mtoto makini atauliza ni hili: mkono wangu mdogo na wako mkubwa si sawa, vipimo vitalinganaje? Jibu ni kwamba mwenye vidole vyembamba kwa kawaida ana mkono mfupi pia, kwa hiyo pembe inabaki karibu ile ile. Wapeni nafasi ya kulithibitisha kwa kupima kitu kimoja cha mbali, mwalimu na mwanafunzi.

Makosa yanayoharibu kipimo hiki ni matatu. La kwanza ni kukunja kiwiko, kidole kinakuwa kikubwa na kila wingu linageuka sirokumulasi. La pili ni kupima kundi zima la madonge badala ya donge moja. La tatu, ambalo ni gumu kulikamata, ni kupima mawingu yaliyo karibu na upeo wa macho. Yale yako mbali, kwa hiyo yanaonekana madogo, na mtoto anatangaza wingu la juu kumbe ni stratokumulasi iliyo mbali. Pima mawingu yaliyo zaidi ya digrii 30 kutoka upeo wa macho. Ngumi moja kwa mkono ulionyooka ni takriban digrii 10, basi panda ngumi tatu kutoka upeo wa macho, moja juu ya nyingine, ndipo uanze kupima.

Kipimo cha pili cha mwili ni kivuli. Badala ya kutazama jua, mtoto atoke kidogo kwenye kivuli cha jengo, alipe jua mgongo, atazame chini: "Kivuli changu kipo? Kingo zake ni kali au zimefifia?" Hili swali dogo ndilo linalotenganisha mashuka mawili yanayofanana mno. Chini ya sirostratasi, shuka jembamba la fuwele za barafu, mchana jua likiwa juu kivuli bado kipo. Chini ya altostratasi vitu havitoi kivuli, na jua likionekana linakuwa doa lililofifia kama taa nyuma ya kioo chenye ukungu. Sirostratasi pia huweza kuleta duara kubwa la mwanga kulizunguka jua, lenye nusu kipenyo cha digrii 22, karibu shubiri moja kwa mkono ulionyooka. Altostratasi haileti duara hilo. Kulionyesha darasani ni furaha kubwa, lakini fanya hivyo jua likiwa limefichwa kabisa nyuma ya kona ya paa. Duara likionekana kuuzunguka mwezi usiku, wape watoto kama kazi ya nyumbani isiyo na hatari yoyote.

Aina kumi, na namna ya kuzitenganisha

Shirika la Hali ya Hewa Duniani linatambua aina kuu kumi. Mawingu ya chini matumbo yake huwa chini ya kilomita 2. Ya kati, katika ukanda wa tropiki, huwa kati ya kilomita 2 na 8. Kwenye maeneo yenye majira ya baridi ya wastani ni kati ya 2 na 7. Ya juu huanza kilomita 6 mpaka 18 kwenye tropiki, na 5 mpaka 13 kwenye maeneo hayo mengine. Mipaka inapandiana kwa sababu anga halina ngazi.

Juu kuna sirasi, nyuzi nyeupe zisizo na kivuli ndani yake; sirokumulasi, madonge madogomadogo kama magamba ya samaki, nayo pia haina sehemu ya kijivu; na sirostratasi tuliyokwisha kuieleza. Katikati kuna altokumulasi, ambayo madonge yake kwa kawaida yana upande mweupe na upande wa kijivu, na altostratasi. Kivuli hicho cha kijivu ndani ya donge ni msaada mkubwa pale kipimo cha kidole kinapokuwa mpakani: likiwa na kijivu, elekea kwenye altokumulasi.

Nimbostratasi huwekwa kwenye kundi la kati ingawa mara nyingi hushuka chini. Ni shuka nene la kijivu kilichokolea linalolificha jua lisijulikane lilipo, na mvua yake ni ya kudumu, inanyesha saa baada ya saa bila ngurumo. Watoto huichanganya na stratasi. Stratasi ni ya chini, imepauka, na ikinyesha hutoa manyunyu tu. Ikiwa nyembamba unaweza kuona ukingo wa jua umechorwa wazi kabisa. Stratasi inayogusa ardhi ndiyo ukungu. Mtoto aliyetembea kwenye ukungu asubuhi ameshatembea ndani ya wingu, na ni vizuri aambiwe hivyo.

Stratokumulasi ni madonge makubwa yaliyosongamana, mara nyingi yakiwa na mianya ya buluu. Kumulasi ni madonge yaliyojitenga, tumbo bapa, vichwa kama koliflawa. Kumulasi ikiendelea kupanda inaweza kuwa kumulonimbasi, na swali la "imeshakuwa au bado?" hujibiwa kwa kutazama kichwa. Kama vilele bado vina kingo kali, ni kumulasi kubwa. Kama vimeanza kulainika na kuchanika kama nyuzi, au vimetandaa pembeni mithili ya fuawe la mhunzi, ni kumulonimbasi. Na kama kuna radi, ngurumo au mvua ya mawe, iite kumulonimbasi hata kama kichwa hukioni. Kumbuka basi kwamba mkiisikia ikinguruma mnatakiwa muwe ndani.

Mistari myembamba iliyonyooka iliyoachwa na ndege za abiria iandikwe pembeni, kama "mistari ya ndege". Ni mawingu kweli, maana mvuke unaotoka kwenye injini huganda, lakini mtoto akiiita sirasi kumbukumbu zenu zitapotoka.

Kukadiria anga limefunikwa kiasi gani

Sehemu hii ndiyo watoto wanaikosea zaidi, na ndiyo inayofundisha hesabu bila kuonekana inafundisha. Wataalamu wa hali ya hewa hugawa anga katika sehemu nane, kila moja huitwa okta.

Anzeni ndani ya darasa. Kila jozi ya watoto ichukue karatasi ya buluu na karatasi nyeupe yenye ukubwa ule ule. Nyeupe ikunjwe katikati mara tatu: zinapatikana sehemu nane sawa. Jozi ichague kwa siri namba kuanzia 1 hadi 7, ikate sehemu hizo, izichanechane vipande vya ovyoovyo, kisha igundishe vipande vyote kwenye ile ya buluu bila kimoja kulalia kingine. Namba iandikwe nyuma. Karatasi zibandikwe ukutani, darasa likadirie.

Wengi watazidisha. Okta mbili zilizotawanywa vipande vidogo huonekana kama tatu au nne, kwa sababu jicho huhesabu vipande badala ya eneo. Tiba yake ni swali moja la kujiuliza kila mara: "Nikiyasukuma mawingu yote upande mmoja, yatajaza sehemu ngapi kati ya nane?" Rudieni zoezi mpaka makosa mengi yawe ya okta moja tu.

Nje, watoto wanne wasimame wakipeana migongo, kila mmoja akitazama upande wake: kaskazini, mashariki, kusini, magharibi. Kila mmoja akadirie robo yake kwa kipimo cha 0 mpaka 8. Jumlisheni, gawanyeni kwa 4. Wakipata 2, 4, 5 na 1, jumla ni 12, jibu ni okta 3. Robo yenye jua uikadirie wewe mwenyewe, jua likiwa limefichwa nyuma ya jengo. Wote waache sehemu ya chini kabisa ya anga, ngumi moja na nusu kutoka upeo wa macho. Kule mawingu ya madonge unayaona kwa ubavu, yanafunikana, na anga linaonekana limejaa wakati lina mianya tele.

Kuna sheria mbili ambazo watoto huzipenda kwa ukali wake. Andika 0 pale tu ambapo hakuna wingu hata chembe. Kiwingu kimoja kidogo ni 1. Andika 8 pale tu ambapo hakuna tundu. Tundu moja dogo la buluu ni 7. Ukungu ukiwafunika msione anga, andikeni 9.

Siku ya anga kutakata, msighairi somo. Sifuri ni kipimo kamili, na grafu yenu ya mwisho wa wiki itakuwa na pengo la uongo mkiiruka.

Mwendo wa mawingu

Mtoto akitazama wingu linalopita juu ya mlingoti, baada ya muda ataapa kwamba mlingoti ndio unaoanguka. Achana na ubishi, mpe mahali pa kuegemea. Aegemeze kichwa ukutani, achague ncha isiyosogea, kona ya paa au tawi nene, asimamie hapo dakika mbili. Wingu litaiacha ncha au litaifuata, na uelekeo utajulikana.

Kwa madarasa ya juu tumieni kioo bapa. Kilazeni chini ndani ya kivuli cha jengo, mahali ambapo jua halimuliki kioo wala halionekani ndani yake ukiinama. Hakikisha mwenyewe kwanza kabla ya kumwita mtoto yeyote. Andikeni kaskazini, kusini, mashariki na magharibi kuzunguka kioo kwa msaada wa dira, kisha mtoto aone wingu linaingilia upande gani na kutokea upande gani, kichwa chake kikiwa kimetulia. Picha ndani ya kioo kilicholazwa husogea upande ule ule wa wingu lenyewe, hakuna cha kugeuza. Upepo huitwa kwa upande unakotoka: wingu likitoka mashariki kwenda magharibi, upepo wa huko juu ni wa mashariki. Linganisheni na upepo wa chini kwa utepe uliofungwa kijitini. Mara nyingi haulingani, na watoto hudhani wamekosea. Hawajakosea. Hewa ya juu na ya chini huenda kila moja njia yake.

Jaribio la chupa

Fanya jaribio hili baada ya matembezi kadhaa, si kabla, ili lijibu maswali ambayo watoto wameshayauliza. Chukua chupa pana ya kioo ya lita moja. Mimina maji ya moto yasiyochemka, kina cha sentimita 3 au 4, zungusha ili kuta zipate joto. Funika mdomo kwa sahani yenye barafu, subiri dakika mbili. Kwa mara ya kwanza wingu litakuwa hafifu au halitakuwepo. Sasa washa kiberiti, kizime, kitumbukize kikiwa bado kinafuka, rudisha sahani haraka. Weka karatasi nyeusi nyuma ya chupa na watoto wataona wingu likizunguka ndani. Maji ya moto na kiberiti vishikwe na mwalimu pekee.

Lisipotokea, sababu kwa kawaida ni moja kati ya hizi: maji yamepoa, moshi ulikuwa kidogo, au kioo kimejaa matone kwa ndani ukashindwa kuona. Na moshi huo ndio fundisho lenyewe: mvuke unahitaji chembe ya kushikilia ili uwe tone. Angani chembe hizo ni vumbi, chumvi ya bahari na moshi.

Hapa pia ndipo mahali pa kuondoa dhana kwamba wingu ni mvuke. Mvuke wa maji hauonekani. Birika likichemka, tazameni mdomoni: kuna nafasi ndogo tupu kabla ya ule weupe kuanza. Kwenye ile nafasi tupu ndipo kuna mvuke. Weupe ni matone tayari. Hilo ndilo jibu la swali lililobaki ubaoni: chini ya tumbo bapa la wingu mvuke upo, ila bado haujawa matone. Tone la wingu lina upana wa takriban milimita 0.02, na tone la mvua la milimita 2 limebeba matone ya namna hiyo kama milioni moja.

Karatasi ya kumbukumbu na kupima uelewa

Safu zinazohitajika ni tarehe, saa, okta, aina ya wingu kwa kila tabaka, kivuli kipo au hakipo, uelekeo wa wingu, na mvua. Ongeza safu ya "Sababu", ambamo mtoto anaandika alichokiona kilichomfanya achague jina hilo, na kisanduku cha "Sina hakika". Kisanduku hicho kikikosekana, mtoto aliyekwama atanakili kwa jirani, na hutajua tena ni nani aliyeona nini. Angani mara nyingi kuna aina mbili au tatu kwa pamoja. Aandike zote, akianzia za chini.

Wakati wa kupima uelewa usimpe picha alizokwisha kuziona kitabuni. Mtoe mlangoni, mwache atazame dakika mbili, ajibu kwa mdomo: naona nini, nimepima nini, kwa hiyo ni wingu gani. Aliyesema "stratokumulasi" kwa kubahatisha apate alama chache kuliko aliyesema "altokumulasi, kwa sababu donge limefichwa na vidole vitatu", hata kama kiwiko chake kilikuwa kimekunjika kidogo. Huyo wa pili unamnyoosha mkono tu, anapima tena.